Beji za kidijitali kwa wahitimu wa kozi fupi Kigoma: nani ataziamini?

Mratibu_Kibirizi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salaam. Mimi ni mratibu wa mafunzo katika kituo kidogo cha ufundi hapa Kigoma Mjini, si mbali na mwalo wa Kibirizi. Tunafundisha kozi fupi za wiki tatu hadi miezi mitatu, hasa ufungaji wa sola, matengenezo ya injini za maboti, ukaushaji wa dagaa kwenye vichanja na utengenezaji wa sabuni ya mawese. Uvuvi ulipofungwa katika Ziwa Tanganyika mwaka 2024, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, vijana wengi waliokuwa wakiishi kwa uvuvi walikuja kujifunza kazi nyingine, na baadhi yao hawajarudi majini hadi leo.

Kinachonisumbua ni kile tunachowapa wanapoondoka. Tunawapa karatasi yenye nembo ya kituo, mhuri na sahihi yangu, ikisema kwamba fulani amehudhuria na kufuzu mafunzo ya sola. Karatasi hiyo haisemi kama anajua kupima betri, kama amewahi kupanda juu ya paa na kufunga paneli, au kama alikaa nyuma ya darasa akichezea simu. Mwezi uliopita kijana wetu mmoja, ambaye kwa mikono yake ananishinda hata mimi niliyemfundisha, alikosa kazi ya kufunga taa za sola kwa sababu mwenye kazi hakuweza kutofautisha karatasi yake na ya mwenzake aliyehudhuria siku chache tu. Alinipigia simu kuniuliza sababu, nikakosa la kumjibu, maana karatasi zote mbili nilizitia sahihi mimi.

Nimesoma kuhusu beji za kidijitali zinazotolewa kwa kila ujuzi peke yake. Bodi ya kituo inauliza gharama, lakini mimi nauliza mambo matatu yanayotangulia gharama. Je, beji hiyo inafanya kazi gani ambayo karatasi haiwezi kuifanya? Nani ataiamini hapa kwetu, ambako fundi huajiriwa kwa sababu shemeji wa mwenye nyumba anamfahamu? Na vijana wenye simu za kitochi wataitunza wapi? Naomba majibu ya watu waliokwisha kujaribu. Wauza programu wamekwisha kunipigia simu vya kutosha.

---

Fundi_Mifumo, Tabora:

Mwalimu, nimekuwa nikisimamia mfumo wa masomo ya mtandaoni katika chuo kimoja hapa Tabora kwa miaka kadhaa. Beji nimezitoa, nyingine nimezifuta, na chache nimezijutia, kwa hiyo nitaongea kwa kirefu kidogo.

Kwa macho, beji ni picha tu. Tofauti yake na picha ya kawaida ni kwamba ndani ya faili hilo hupachikwa taarifa ambazo kompyuta inaweza kuzisoma: jina la ujuzi, aliyetoa, aliyepewa, tarehe, vigezo alivyotimiza mpewaji, tarehe ya kuisha kama ipo, na ukipenda, kiungo kinachompeleka msomaji kwenye ushahidi wenyewe, yaani picha, video au ripoti ya mtahini. Mpangilio wa taarifa hizo, unaoitwa Open Badges, si mali ya kampuni moja. Mozilla, wale wenye kivinjari cha Firefox, ndio walioanza kuujenga mwaka 2011 kwa msaada wa taasisi ya MacArthur ya Marekani, toleo la kwanza kamili likatoka mwaka 2013, na tangu mwaka 2017 unasimamiwa na shirika ambalo leo linaitwa 1EdTech. Kwa kuwa kanuni zake ni huria, beji iliyotolewa na mfumo mmoja inapaswa kusomeka katika mfumo mwingine, na kituo chako hakilazimiki kufungwa kamba na muuzaji yeyote. Ukitumia Moodle, ambayo ni programu ya bure ya kuendeshea masomo mtandaoni, utakuta uwezo wa kutoa beji umo ndani yake tangu toleo la 2.5 la mwaka 2013. Utakacholipia ni seva, jina la tovuti na mtu wa kuitunza, na huyo wa mwisho ndiye ghali.

Wazo lenyewe ni kongwe kuliko kompyuta. Sisi tuliopitia skauti tunakumbuka beji ya huduma ya kwanza iliyoshonwa kwenye mkono wa shati, na hakuna aliyeshonewa kabla ya kufunga bendeji mbele ya kiongozi wake. Beji ya kidijitali ikipoteza sehemu hiyo ya kufunga bendeji mbele ya mtu, inabaki kuwa kibandiko.

Sasa kuhusu mambo yanayoharibika njiani, ambayo wauzaji hawatakueleza. Vijana wetu hutumiana kila kitu kwa WhatsApp. Ukiituma beji kama picha, WhatsApp huibana na kuibadilisha, na taarifa zote zilizopachikwa ndani hupotea, hivyo kinachomfikia mwajiri ni ua la rangi lisilo na lolote ndani yake. Picha iliyopigwa kwenye skrini ina kasoro hiyo hiyo. Wafundishe kutuma kiungo, au kutuma faili kama hati na si kama picha. Lingine ni baruapepe: mifumo mingi humtambua mwenye beji kwa anwani yake ya baruapepe, na vijana wengi wa kozi fupi hufunguliwa anwani siku ya kujiandikisha, nywila wakaisahau kabla ya chakula cha mchana. Sisi tulitoa beji kwa darasa zima, na baada ya mwaka tukagundua kwamba wengi hawakuwahi kuzifungua. Kanuni zenyewe zinaruhusu kumtambua mtu kwa namba ya simu, ila mifumo mingi haijajengwa hivyo, kwa hiyo uliza kabla hujalipa.

La tatu ndilo zito zaidi. Katika utaratibu uliozoeleka, taarifa za beji hukaa kwenye tovuti ya mtoaji, na anayetaka kuhakiki hupelekwa huko. Kituo kikikosa fedha ya kulipia tovuti, au mfadhili akiondoka na seva yake, beji zote hubaki yatima siku hiyo hiyo, ilhali karatasi yako yenye mhuri ingeendelea kusomeka hata baada ya kituo kufungwa. Toleo jipya la Open Badges, la 3.0, linapunguza hatari hiyo kwa kutumia sahihi ya kidijitali, ili mwenye beji aweze kuitunza mwenyewe na msomaji aweze kuona kama imechezewa. Lakini usiache karatasi. Chapisha ukurasa mmoja wenye maelezo yote ya ujuzi na msimbo wa QR pembeni, na mwenye kitochi ataufunga kwenye nailoni na kuuhifadhi pamoja na kadi yake ya kura.

---

Mzee_wa_Maboti, Ujiji:

Mwanangu Mratibu, mjukuu wangu ndiye anayeniandikia haya, mimi nasema tu. Nimeunda maboti na kufungua injini tangu kabla hujazaliwa, na sina karatasi hata moja. Anayetaka kujua kama najua kazi huja akalitazama boti lililo majini, akauliza limekaa misimu mingapi bila kuvuja. Kwa hapa Ujiji hiyo inatosha, wala sihitaji kuwekewa ua kwenye simu.

Lakini sitaki kuwa mwongo. Nina vijana wawili niliowafundisha mwenyewe, mmoja alikwenda Kalemie na mwingine Mpulungu. Huko hakuna anayenijua. Yule wa Mpulungu alifanya kazi ya kubeba mizigo karibu mwaka mzima kabla ya mtu kumwamini na injini yake, na siku aliyoaminiwa, ni kwa sababu tajiri wa boti alikuwa amekwama na hakuwa na mwingine. Neno langu lina nguvu mpaka pale jina langu linapofika, na ziwa ni refu. Kwa hiyo kama hicho kitu chenu kinaweza kulibeba neno la mwalimu mpaka ng'ambo, mtu wa kule akaliona na kuona na kazi yenyewe, mimi sikipingi.

Ninachouliza ni kimoja. Nani anapima? Wewe unafundisha, wewe unapima, wewe unatoa. Muuza samaki hajawahi kusema samaki wake wameoza.

---

Afisa_Ajira, Kasulu:

Shikamoo Mzee wa Ujiji. Swali lako ndilo ambalo sisi wa upande wa kuajiri tunajiuliza kila siku, ingawa hatulisemi vizuri kama ulivyolisema.

Ninaajiri mafundi wa muda kwa kazi za ujenzi katika wilaya za Kasulu na Kibondo, na nitaeleza jinsi ninavyozitazama hati. Wengi wenu mnakumbuka Aprili 2017, taarifa ya uhakiki ilipokabidhiwa kwa Rais pale Dodoma ikionyesha watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi. Tangu hapo hakuna mwajiri makini anayeridhika na mhuri peke yake. Kwa cheti cha kidato cha nne ninajua pa kuuliza, kwa kuwa Baraza la Mitihani lina kumbukumbu. Kwa karatasi ya kozi ya wiki tatu nina namba ya simu tu, ambayo mara nyingi haipatikani, na ikipatikana, anayepokea anasema aliyefundisha amehama. Kama beji inaniwezesha kuhakiki ndani ya dakika moja nikiwa nimesimama kwenye eneo la kazi, hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuitaka.

Hata hivyo, kuhakiki kwamba kituo kilitoa beji hakunithibitishii kwamba fundi anajua kazi. Niliwahi kufungua beji ya kijana mmoja kwa hamu kubwa, kila kitu kikafunguka vizuri, nikafika kwenye vigezo nikasoma kwamba mhusika "ameonyesha uelewa wa masuala ya umeme". Uelewa wa masuala! Ningependa kusoma kwamba amefunga paneli ya wati 100 na betri ya volti 12 kwenye nyumba ya bati, akapima volti kabla ya kuunganisha na baada ya kuunganisha, akaweka fyuzi mahali pake, na kwamba fulani alikuwepo akimtazama. Sentensi kama hiyo ingenifaa hata kama ingeandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya daftari.

Niongeze tahadhari moja, Mwalimu, ili vijana wasije wakakulaumu. Beji ya kituo chako si sifa ya kitaifa na haiwezi kusimama mahali pa cheti cha VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, au cha NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Anayeomba kazi serikalini kupitia mfumo wa ajira ataulizwa vyeti vinavyotambuliwa, na beji yako haitamsaidia pale. Kijana uliyemtaja, kama kweli ni fundi, mshauri pia aende VETA akapimwe kwa ule utaratibu wa kutambua ujuzi ambao mtu ameupata nje ya mfumo rasmi. Pale hapimwi kwa madarasa aliyokaa bali kwa anachoweza kufanya, na picha na ripoti utakazokuwa umezikusanya kwa ajili ya beji zitamfaa kama ushahidi wa kazi zake. Kwa maoni yangu, hapo ndipo beji ina faida kubwa zaidi kwetu: iwe ngazi ya kuelekea kwenye cheti, isijifanye cheti.

---

Mzinga_wa_Mbao, Sikonge:

Naungana na Afisa kuhusu vigezo, kwa sababu sisi tulilipia somo hilo kwa asali.

Kikundi chetu kinafundisha wafugaji wa nyuki katika vijiji vya Sikonge, ambako wengi bado wanatumia mizinga ya magome na wanaifahamu misitu ya miombo kuliko mtaalamu yeyote. Tulipoanza kutoa beji tulikuwa na moja tu, tukaiita ya mfugaji bora, na tukaitoa kwa kila aliyemaliza siku tano. Sherehe ilikuwa nzuri, viongozi wa kijiji walihudhuria, na picha zilisambaa. Msimu ulipofika, mnunuzi aliyekuwa ameziona beji hizo akachukua asali kwa kuziamini, kisha akaipima. Kiwango cha kimataifa cha Codex kinataka unyevu wa asali usizidi asilimia 20, na madumu kadhaa yalizidi, kwa kuwa yalitoka kwenye masega ambayo nyuki hawakuwa wamemaliza kuyafunika kwa nta. Mnunuzi hakuzilaumu nyuki wala mvua, alizilaumu beji, na alikuwa na haki. Wale wachache waliovuna vizuri nao wakaadhibiwa, maana beji yao ilikuwa ile ile.

Tulizifuta zote. Ilikuwa kazi ya aibu, kumwandikia mzee wa watu kwamba heshima uliyompa jukwaani umeichukua. Baadaye tukaanza upya kwa kuugawa ujuzi. Sasa kutambua sega lililokomaa kuna beji yake, kutumia moshi na kuvuna bila kuua nyuki kuna yake, na kupima unyevu kwa kifaa na kusoma kipimo kwa usahihi kuna yake. Ya kupima tumeiwekea muda wa miaka miwili, kwa sababu mtu asiyegusa kifaa kwa misimu miwili husahau. Mwenye zote tatu ndiye anayepewa ile kubwa, na anayepima si yule aliyefundisha. Tunabadilishana wakufunzi na kikundi cha wilaya jirani, wao wanapima wa kwetu na sisi tunapima wa kwao. Nauli inauma, lakini ndiyo jibu letu kwa swali la Mzee wa Ujiji.

Jambo moja ambalo sikulitarajia: beji ndogo ziliwavuta wazee zaidi kuliko vijana. Mzee asiyejua kusoma, ambaye hangeweza kukaa kwenye mtihani wa maandishi, alipata ya kutambua sega siku ya kwanza, tena alimsahihisha mkufunzi.

---

Binti_wa_Sola:

Habari zenu wakubwa. Mimi ni mhitimu, si wa kituo hiki bali cha mkoa mwingine, na sasa nafanya kazi Uvinza. Beji yangu niliichapisha na kuibandika kwenye mlango wa kibanda changu, yenye msimbo wa QR. Wateja wachache sana huiskani, kwa sababu bando ni ghali na wengi hawajui ni kitu gani. Waliowahi kuiskani ni wawili, mwalimu wa shule na mwenye zahanati, na wote wawili ndio walionipa kazi kubwa kuliko zote nilizofanya mwaka huu.

Naomba msisahau jambo hili: ukurasa wa beji yangu ulikuwa unaonyesha namba yangu ya simu kwa kila mtu, na nilianza kupigiwa usiku na watu ambao shida yao haikuwa sola. Niliomba iondolewe ikaondolewa, lakini sikuwa nimeulizwa kabla. Mtuulize kabla ya kuweka picha zetu na namba zetu hadharani. Tangu Mei 2023 ipo sheria ya ulinzi wa taarifa binafsi, na hata kama isingekuwepo, ni adabu.

---

Mratibu_Kibirizi:

Nawashukuru nyote, na Mzee wangu wa Ujiji, shikamoo. Nimeyasoma majibu yenu mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu.

Nilikuja hapa nikidhani nauliza habari za programu, kumbe shida yangu ilianza pale nilipotia sahihi karatasi mbili za watu wasiolingana. Nimekaa na wakufunzi wenzangu jana jioni, na tumekubaliana kuanza na kozi moja tu. Wao walitaka sola, kwa kuwa ndiyo inayovutia wafadhili. Mimi nimeng'ang'ania injini za maboti, kwa sababu kwa sola bado sijapata mtu wa nje ya kituo anayeweza kuwapima vijana wetu na ambaye neno lake lina uzito, ilhali kwa injini mji huu umejaa mafundi wa namna hiyo. Tutakuwa na beji tatu: kufungua na kusafisha kabureta, kutambua kwa nini injini haiwaki, na kubadilisha mpira wa pampu ya maji. Kila moja itakuwa na sentensi za aina aliyoieleza Afisa wa Kasulu, picha tatu za kazi ikiendelea, na jina la aliyepima kama yeye mwenyewe ameridhia. Namba ya simu ya kijana haitaonekana. Karatasi itabaki, na neno "amehudhuria" litaandikwa kwa wale waliohudhuria tu.

Kijana wa sola nimemwomba radhi na nimemwandikia barua nyingine inayoeleza kazi nne alizofanya na mahali zilipo, ili anayetaka aende akazitazame.

Mzee, naomba nikuletee vijana sita Jumamosi uwapime kwenye injini zako mwenyewe. Kituo kitalipa muda wako.

---

Mzee_wa_Maboti, Ujiji:

Marahaba. Jumamosi nipo. Lakini siweki jina langu kwa mtu niliyemwona akigusa injini mara moja tu, maana injini inaweza kumwonea huruma. Uwalete Jumamosi tatu mfululizo, na ile ya pili nitaiharibu injini mwenyewe usiku wake, wasijue nimegusa wapi.